Chupa Isiyochemshwa

Kila siku kabla jua halijachomoza, Hasna alimwachia binti yake Moyna sufuria ya maji, kopo la maziwa ya unga, chupa ya kunyonyea na mtoto wa miezi saba, Tuhin, kisha akakimbilia kiwanda cha nguo. Moyna alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yake ilikuwa ya zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yeye ndiye aliyekuwa mama pale chumbani kwao Ashulia, mtaa wa viwanda.

"Chupa uichemshe, mwanangu, usisahau."

"Sawa, Mama."

Alikuwa akiichemsha kweli, mpaka siku rafiki yake Shiuli alipomcheka bombani.

"We Moyna, unampikia mdogo wako plastiki? Kaka yangu kasoma kwenye simu. Plastiki ikipata moto inatoa sumu!"

Moyna akaogopa. Chupa yenyewe ilikuwa kuukuu, imechubuka kila mahali. Tangu siku ile akawa anaisuuza tu kwa maji ya bomba. Mama akiuliza, alijibu, "Nimechemsha." Ulikuwa woga, na tuseme ukweli, ulikuwa na uvivu pia, maana gesi ya bomba ilikuwa ikikatika mapema kila asubuhi na kuiwahi kulimchosha.

Siku ya sita Tuhin akaanza kuharisha. Kufikia Ijumaa, siku ya mapumziko kiwandani, macho yake yalikuwa yamezama, na akilia machozi hayatoki. Hasna hakuifikiria chupa. Alimfikiria jirani yao Jorina, aliyemsifu mtoto juzi bila kusema mashaallah.

"Una jicho baya wewe!" alimfokea mlangoni. "Umemla mwanangu!"

"Mimi, Hasna? Mimi niliyemwogesha siku aliyozaliwa?" Jorina akaangua kilio.

Hasna akamfunika mtoto ampeleke kwa mganga, mwendo wa saa mbili, akafungwe hirizi. Moyna aliona wazi kwamba mdogo wake hatafika. Akamshika mama yake nguo.

"Mama, si jicho. Ni mimi. Siku nane sijachemsha chupa. Nilikudanganya."

Kofi likatua shavuni. Kisha Hasna akashika njia ya hospitali, na Jorina, pamoja na matusi yote aliyotukanwa, akatoka mbio kuita bajaji.

Tuhin alilazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake ya kupokea choo. Kwenye kitanda cha pili, mama mmoja alikuwa akimfunika mwanawe uso. Moyna hakuweza kula. Siku ya tatu Tuhin alilia, na safari hii machozi yakatoka. Hasna akainama, akamgusa miguu Jorina, aliyekuja kuwaona, kumwomba radhi.

Muuguzi akamkalisha Moyna kando, naye Moyna akamweleza yote, hadi maneno ya Shiuli.

"Rafiki yako hakukosea yote. Chupa iliyochakaa hivi haifai, na maziwa ya moto msiyamimine kwenye plastiki. Lakini plastiki hudhuru polepole, vijidudu vinaua kwa siku mbili. Itupeni. Mnywesheni kwa bakuli na kijiko cha chuma, mvioshe kwa sabuni, mvichemshe kila mara. Na maji ya maziwa pia yachemke. Ukiogopa kitu, kwa nini usimuulize mama yako?"

"Angenipiga, Dada."

"Si amekupiga? Na mtoto yuko hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza mpaka wafike kwa mganga, leo tungemfunika uso na huyu wako."