Mkanda wa Haidari

"Faudhia, kata mwanzo kidogo, weka muziki, andika jina langu kwa herufi kubwa. Basi, kazi imeisha!"

Hivyo ndivyo alivyoniambia Haidari, mpiga picha wa kimataifa, kwenye simu akiwa Kibondo alikokwenda kurekodi harusi. Mkanda alishautuma kwa basi. Jumapili wazee wake walikuwa wanaleta mahari kwetu Kasulu, na mimi gauni nilishashona.

Sasa, mkanda wa saa moja huingia kwenye kompyuta kwa saa moja, upende usipende. Nikakaa kuutazama. Jamani! Bwana harusi ana uso wa bluu. Bibi harusi hana kichwa. Sheikh anafungua mdomo afungishe ndoa, picha inakatika. Inayofuata ni majani, viatu, majani.

Nikaelewa. Kila alipotaka kuwasha kamera alikuwa anaizima, na kila alipotaka kuzima alikuwa anaiwasha. Shughuli yote ya watu imemponyoka, ila safari zake za kwenda kunywa soda zimo.

Nilicheka peke yangu studio, mpaka vikaingia viatu vyekundu vya kike, na sauti ya Haidari juu yake, safi kabisa.

"Kudra, nikuoe lini?"

"Na yule wa Kasulu?"

"Faudhia? Yule fundi wangu tu. Nikimuoa ananieditia bure maisha yote. Wa moyo ni wewe. Mimi Haidari bin Abdulrahmani sisemi uongo."

Dakika kumi na mbili wanaongea. Nililia zote. Kisha nikapangusa pua, nikamwandikia: "Mkanda nimeuona wote."

Akapiga hapo hapo.

"Unaionaje kazi, mpenzi?"

"Picha takataka. Sauti nzuri sana."

"Sauti gani?"

"Yako na Kudra."

Akakohoa weee, halafu akapandisha sauti.

"Umeunganisha maneno wewe! Nazijua kompyuta zenu!"

"Hujui kitu. Saa ya mkanda, zile namba zinazohesabu sekunde pembeni ya picha, inakimbia, haijaruka hata sekunde moja. Ungekuwa unajua kazi ungejua hilo."

"Basi futa. Wazee wanakuja Jumapili."

"Waje."

Wakaja na kanzu zao, mkeka ukajaa, Haidari amebanana mlangoni. Baba akaniita, kama ilivyo desturi, niseme mwenyewe kama nimeridhia. Nikatoka na kompyuta, nikaiweka katikati yao, kioo nimekigeuzia ukutani. Majani yale yangemfaa nani? Nikawasikilizisha sauti tu.

"Yebaba we!" Mama akapiga kelele kutoka ndani.

"Si mimi huyo!" Haidari akaruka. "Sauti za watu zinafanana!"

Baba yake, Mzee Abdulrahmani, akavaa kofia yake polepole.

"Hiyo ni sauti yangu nilipokuwa kijana," akasema. "Umeirithi kwangu, naijua. Mzee mwenzangu, tuwieni radhi. Haidari, twende."

Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama. Yeye akabaki ananing'inia mlangoni kwetu, hana hata haya.

"Faudhia, tuyaache hayo. Nieditie basi ile harusi, wenyewe wananipigia simu kila siku."

"Harusi ipi, Haidari? Hukuirekodi."