Mkojo Uliozuilika

Nilikuwa Kitale kwa binti yangu Joy, aliyekuwa amejifungua. Asubuhi nikimwogesha mtoto, simu ililia. Alikuwa Sellah, mke wa mwanangu Tonny.

Mimi na mzee wangu, Wabwile, tunakaa boma moja na Sellah kule Matulo. Tonny anafanya kazi Nairobi. Nilipokuja Kitale, nyumbani walibaki Sellah na baba mkwe wake peke yao.

"Mama, baba hayuko sawa," Sellah alisema. "Tangu jana anaenda choo, anarudi. Anaenda tena, anarudi. Anatembea ameinama."

"Umemuuliza?"

Nilijua swali hilo ni gumu kwake. Kwetu Wabukusu, baba mkwe na mke wa mtoto wanaheshimiana sana. Hawasalimiani kwa mkono. Mambo ya choo hayatajwi kati yao.

"Anasema ni baridi tu. Nimempikia chai nyingi, ati impashe joto."

Chelagat, jirani wa Joy, alikuwa amekuja kuona mtoto. Yeye ni muuguzi. Aliposikia hayo aliomba simu, akaweka spika ili sote tusikie.

"Dada, mzee anapata mkojo?"

"Nitajuaje? Si huyo ni baba mkwe!"

"Basi mpelekee simu. Nitamuuliza mimi."

Tulisikia mlango, kisha sauti ya mzee, nyembamba. Chelagat alimsalimia kwa adabu, akamuuliza kama mkojo unatoka.

Mzee alizunguka, akataja baridi tena. Nilijua ni kwa nini. Sellah alikuwa amesimama hapo na simu mkononi.

"Unatoka," mzee alisema.

"Baba Tonny, sema ukweli," nikaingilia.

"Si nimesema unatoka? Ni matone matone, lakini unatoka."

Uso wa Chelagat ulibadilika. "Mzee, tangi ikijaa kabisa inamwagika kidogo kidogo juu. Hayo matone ni ya kumwagika. Bonyeza pole pole chini ya kitovu. Pakoje?"

"Ni pagumu." Akaugua. "Pagumu sana."

Mimi nikauliza, "Si labda hana mkojo? Hajakunywa maji ya kutosha?"

"Hapana, mama. Figo zikikataa kutengeneza mkojo, hapo ndipo mtu hana mkojo, na kibofu kinakuwa kitupu. Huyu kibofu kimejaa. Mkojo uko, anautaka utoke, lakini njia imefungwa. Tunasema mkojo umezuilika."

"Lakini hata mimi huwa nazuia nikiwa kanisani."

"Huko ni kubana, mama. Unabana mwenyewe, ukifika choo unaachilia. Yeye hawezi kuachilia. Sasa mkimwongezea chai, kibofu kinazidi kujaa, na mkojo unaweza kurudi kuharibu figo. Anaweza kufa. Aende hospitali saa hii."

"Nitangojea mama Tonny arudi," mzee alisema.

"Ati unangojea mimi?" nikamwambia. "Unataka nije nikute nini?"

Aliyejibu alikuwa Sellah.

"Baba, nakuheshimu. Ndiyo maana siwezi kukuacha ufe hapa kwa nyumba. Naita jirani yetu Eliakim na gari yake. Utakaa mbele, mimi nyuma. Sitakuangalia. Lakini tunaenda."

"Huyu mkali hivi, nani alimuoa?" mzee akauliza.

"Ni mtoto wako," nikamwambia. "Nenda."

Hospitali ya Lugulu walimwingizia mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo. Mkojo ulijaza mfuko mzima, na maumivu yakapungua hapo hapo. Daktari alieleza kwamba mwanaume akizeeka, tezi iliyozunguka njia ya mkojo inaweza kukua na kuibana. Si lazima iwe saratani, lakini ni lazima ipimwe. Tena dawa fulani za mafua huongeza kubana huko, na mzee alikuwa amenunua dawa ya mafua dukani. Dalili alikuwa nazo kitambo. Aliamka mara nyingi usiku. Mkojo ulitoka bila nguvu. Akimaliza, alihisi mwingine umebakia ndani. Yeye aliona ni uzee tu.

Nilipofika Matulo alikuwa amerudi na mpira wake na dawa za tezi. Sasa njia ilikuwa wazi, kwa hiyo aliambiwa anywe maji vizuri. Mfuko ukijaa, aliita bila kuzunguka, "Sellah, umejaa!" nikiwa shambani. Sellah alikuja, akamwaga, akanawa mikono kwa sabuni. Baadaye mpira ulitolewa. Sasa anaenda choo kama watu wengine.

Jumapili moja tulisimama nje ya kanisa na majirani. Mzee alimgeukia Eliakim.

"Wewe pia unaamka amka usiku kwenda choo?"

Eliakim alitupia macho sisi wanawake.

"Usiangalie hao, bana. Nimeuliza wewe."

Eliakim alikohoa.

"Naamka," akasema. "Na mkojo hauishi."

"Basi kesho tunaenda Lugulu. Mimi ndiye nitakaa mbele na wewe."