Kiota Alichokionyesha Karani

Ndugu zangu, haya yalitokea nyumbani kwetu, na mimi nimo ndani. Msije mkadhani nimekaa hapa kunyooshea watu kidole. Kidole cha kwanza najinyooshea mwenyewe.

Mdogo wangu ni mpiga picha. Mtaa mzima humwita Bwana Subiri, kwa sababu ukikaa mbele ya kamera yake, hata kama ni picha ya pasipoti tu, atakwambia "subiri" mara saba mpaka shingo ikukakamae. Mimi ni dada yake mkubwa, na kazi yangu pale studio ilikuwa kuchapisha picha na kuzitia fremu. Mke wake ni fundi cherehani. Kibanda chake kimepakana na chetu, katikati kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo siri hakuna: akipiga chafya huko, sisi huku tunamwombea afya. Mtoto wao ni mmoja, binti wa miaka kumi na miwili. Tulimpa jina la Karani kwa kuwa kila anachokiona anakiandika kwenye daftari.

Siku za juma Bwana Subiri alipiga picha za arusi. Jumamosi ilikuwa ya Karani. Asubuhi na mapema wanafunga buti, wanatia mkate na maji kwenye begi, hao, wanapanda vilima vya msitu ulio nje ya mji. Baba anabeba kamera, binti anabeba darubini na daftari. Wakirudi wana matope mpaka magotini, na wanabishana kama walimwona nyani mmoja mara mbili au nyani wawili mara moja. Wifi yangu anagomba kuhusu matope, huku anacheka. Nyumba ilikuwa na raha, jamani. Nikiikumbuka roho inaniuma.

Basi likatangazwa shindano la picha za mwituni. Mdogo wangu, ambaye miaka yote alipiga picha za ndege na kima kwa mapenzi yake tu, akaanza kukosa usingizi. Alitaka ashinde. Alitaka wale wapiga picha wa mjini wanaomwita "yule wa pasipoti" wamtambue.

Jumamosi moja Karani akamvuta baba yake mkono. Alikuwa ameona kiota kwenye mti mdogo kando ya korongo, mahali ambapo mtu mzima angepita mara mia asione. Ndani kulikuwa na makinda matatu, na mama yao ni ndege mdogo mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu.

"Baba, hiki nakuonyesha wewe peke yako," alimwambia. "Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu, mwanangu."

Wakapiga picha kwa mbali, wakaondoka polepole. Kwenye daftari Karani akachora kiota, na juu yake akachora tawi lenye majani mapana. Pembeni akaandika: *Hili ni paa lao. Jua halipiti.*

Jumatatu nikaichapisha ile picha. Ilikuwa nzuri, ila jani moja lilikuwa limemziba ndege nusu ya uso. Na mimi, ulimi hauna mfupa, nikasema, "Picha safi, lakini hilo tawi linaiharibu. Lingeondoka hilo, nani angekushinda?"

"Unadhani hivyo, dada?"

"Nadhani nini? Najua!"

Nilikuwa najua nini mimi? Sijawahi hata kupanda ngazi nisiheme.

Jumatano akafunga studio, akasema anakwenda kupiga picha za familia fulani. Alirudi na picha ambayo hadi leo sijaona mfano wake. Mama ndege ametua na mdudu mdomoni, makinda matatu yamefumbua vinywa, na mwanga wa jua umejaa kila mahali. Hakuna jani hata moja. Asubuhi yake nikasikia wifi yangu anapiga kelele upande wa pili wa ukuta.

"Nani kachukua mkasi wangu wa nguo? Unatafuna kitambaa kama mbuzi! Una utomvu! Nani kakatia miti mkasi wa hariri?"

Mdogo wangu akainama kufuta lenzi iliyokwisha kung'aa. Nikamtazama, akanitazama. Nikaelewa. Na badala ya kumwambia, "Ndugu yangu, rudi ukawatafutie hao kivuli chochote," nikachukua fremu yangu bora kuliko zote nikaitia picha.

Jumamosi Karani akaja na buti zake mkononi. "Leo sendi, mwanangu, nina arusi," baba yake akamwambia. Arusi haikuwepo. Jumamosi ya pili goti lilimuuma. Ya tatu nikamtetea mimi mwenyewe, nikamwambia mtoto kwamba baba amechoka. Uongo ukishaingia ndani ya nyumba, kila mtu hupewa zamu ya kuubeba.

Picha ikashinda. Tukavaa tukapendeza, tukaenda kwenye ukumbi wa maonyesho, sote wanne. Picha ilikuwa imetundikwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango. Watu walimpa mdogo wangu mkono, yule wa pasipoti, naye alivimba kwa furaha. Hakuwa amemwambia binti yake ni picha ipi. Sijui alitarajia nini.

Karani akasimama mbele ya ile picha. Kisha akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua ukurasa, akautazama, akaitazama picha tena.

"Baba," akauliza, wala hakupaza sauti, "paa lao liko wapi?"

"Subiri nikueleze, mwanangu."

"Liko wapi?"

Mkono wa pongezi wa bwana mmoja ulikuwa bado umenyooshwa. Mdogo wangu hakuushika. Wifi yangu akamtazama mumewe, nikaona sura yake inabadilika. Mkasi ulikuwa umemjia akilini.

Kesho yake Karani alisema anakwenda kuona, na kama baba hataki atakwenda na shangazi. Tukaenda watatu. Njia nzima mimi nahema, mtoto yuko mbele, hageuki nyuma. Tulipofika kwenye korongo, jua la saa sita lilikuwa linapiga kiota moja kwa moja. Tawi lilikuwa chini, majani yamekauka, limekatwa sawasawa kama kitambaa. Makinda matatu yalikuwa ndani yamekauka, vinywa wazi. Mama ndege hakuwepo.

Mdogo wangu akapiga magoti akalia. Sijamwona akilia hivyo tangu tulipomzika mama yetu. "Nisamehe, mwanangu. Nilijua ni vibaya. Nilijua, nikakata."

Nikasema na mimi, "Nisamehe na mimi, ni mimi niliyemtia maneno."

Karani aliandika kitu kwenye daftari, akalifunga. Nilitamani atutukane. Nilitamani apige kelele kama mama yake alivyoupigia mkasi.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Na wewe, shangazi. Ila nikiona kiota kingine, sitakuonyesheni."

Mdogo wangu alirudisha tuzo na kuandika barua akaeleza alichofanya. Wapiga picha wa mjini wakamcheka mara ya pili. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni Jumamosi. Kila Jumamosi aliweka buti zake mlangoni akaita, na binti akajibu kwa adabu, "Nina kazi, baba." Shikamoo alipewa, chai aliandaliwa, neno baya halikusemwa ndani ya nyumba ile. Lakini habari zilikatika. Karani alipougua meno, tulijua uso ulipovimba. Alipochaguliwa kwenda shule ya bweni ya mbali, baba yake aliambiwa na muuza mkate.

"Hongera kwa binti yako," muuza mkate alisema.

"Ahsante," mdogo wangu akajibu, kisha akaingia ndani kuniuliza mimi hongera ile ilikuwa ya nini. Zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa kila kitu.

FUNZO

Mnaopenda kupanda milima na kupiga picha za viumbe, nawaomba: tawi liacheni. Kiumbe akijificha, ana sababu yake. Picha ikikosa uso, ikose. Na sisi tunaokaa pembeni tukisifu, tuchunge midomo, maana mwenye njaa ya sifa humsikiliza hata asiyejua lolote.

Lakini zaidi nawaambia wazazi wenzangu. Mtoto akikushika mkono akakupeleka kwenye kitu anachokipenda, kitazame, mshukuru, kiache kama ulivyokikuta. Ukikiharibu utasamehewa, kwa kuwa watoto wana moyo mpana kuliko sisi. Utasamehewa, na hutaonyeshwa tena.