Gunia Lililoshonwa Mapema

Wewe ungeanza na nani, kama flashi ingepotea ndani ya nyumba yenye watu wanne tu?

Ilikuwa kijijini Miteja, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Tekla, mwanafunzi wa fizikia, aliiacha mezani akaenda kuoga, aliporudi, haipo. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya miaka miwili vya kiini cha atomi kisichodumu hata sekunde moja, chenye neutroni mbili zinazokaa mbali na wenzao. Nakala nyingine ilikufa na kompyuta ya zamani. Asipovituma kabla ya saa sita mchana, nafasi yake kwenye maabara ya ng'ambo anapewa mwingine.

Bibi Genoveva alijifunga kanga kiunoni, akaanza na mgeni, Deo, anayesoma na Tekla.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana mlibishana nini?"

"Mimi ni mtu wa nadharia. Hesabu zangu zinasema kiini kile ni kidogo. Vipimo vya Tekla vinasema kimevimba."

"Basi flashi ikipotea, umeshinda."

"Ikipotea sitajua kama nimekosea! Hesabu isiyopimwa ni ubishi wa kahawani, bibi."

Bibi aliguna. Begi la Deo akalipekua hata hivyo: soksi tu, tena zinataka sabuni.

Saa nne alitoka kwenda uani. Magunia matatu ya korosho. Moja limeshonwa mdomo. Alilipiga teke. Korosho kavu hugongana kama kokoto, hizi zilinyamaza. Akamwita mwanawe Leonadi, baba yake Tekla.

"Hizi umeziokota lini?"

"Jana, mama."

"Umezianika?"

"Kidogo."

"Miaka thelathini hujawahi kushona gunia la korosho mbichi. Ghalani kwa wanunuzi si watakurudishia? Umefungia nini humo?"

Bibi akakata uzi, akazamisha mkono hadi begani, akaibuka na flashi iliyoviringishwa kwenye leso.

"Baba?" Tekla alisema.

"Ningekupa saa saba."

"Mwezi mzima nakuuliza kuhusu safari, unajibu 'sawa, mwanangu'!"

"Padri ametangaza kanisani, watu wananipa mkono wa pongezi. Ningesemaje? Tangu tumzike mama yako, chakula kinanishuka pale tu ninaposikia sauti yako humu ndani."

"Si hayo ndiyo ungemwambia tangu mwanzo?" Bibi alimkatiza. "Sema unachotaka."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Leonadi aliifuta flashi kwa shati lake, akamkabidhi bintiye.

"Katume," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini sitaki uende, Tekla. Sitaki."