Askari Wasiopakwa Rangi

Keko, mtaa wa mafundi wa samani, ilikuwa imechangamka asubuhi ile. Misumeno inalia, vitanda vimepangwa mpaka ukingoni mwa barabara, na katikati ya vumbi lote hilo Flaviana alikuwa akipaka vanishi kabati la bibi harusi wa watu. Alivaa ovaroli la bluu, na kichwani kilemba kilichokuwa cheupe zamani. Ndipo akatokea kijana mmoja, shati limenyooka kwa pasi, viatu vya kahawia vinazama kwenye maranda.

"Habari sista. Mna praima, ile rangi ya chini, ya kijivu? Kidogo tu."

"Unapaka nini?"

Kijana akatoa kiboksi cha kiberiti mfukoni. Ndani alilala askari wa plastiki, mfupi kuliko kidole gumba, shoka mkononi.

Flaviana akamtazama askari, akamtazama na mwenye askari. "Braza, una watoto wangapi?"

"Sina mtoto. Ni wangu mie."

Gervas, fundi mkuu, alicheka mpaka akashika ukuta. Flaviana hakucheka. Tangu amzike mama yake, Marietha, hakuwa amecheka wala kulia. Msibani watu walimteta: mtoto gani huyu, jicho kavu! Hakuwa na roho ngumu, masikini. Alikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Kula alikula, kazini alifika, na jioni ilipofika alilala.

Lakini alimchukua yule askari, akachovya ncha ya brashi nyembamba, akamtia macho mawili madogo kama chembe za chumvi. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Kijana alisahau kupumua.

Jina lake Revelian, karani wa mjini, mkazi wa Madale. Kila Jumamosi yeye na rafiki zake walipanga majeshi mezani, wakarusha dadu, wakapigana vita mpaka jua linazama. Askari wale huuzwa vipandevipande. Unakata, unagundisha, unapaka rangi mwenyewe. Wapo pia wanaouzwa wakiwa wameshapakwa kiwandani, na wenzake wengi walinunua hao.

"Hao ni wa wavivu," alisema Revelian, ambaye mwenyewe alipaka rangi kama mtu anayepiga lipu.

Basi mapenzi yakaanzia hapo. Barazani Madale, kwenye upepo wa kilimani, Revelian aligundisha na Flaviana akapaka.

"Mpenzi, huyu umembandika mkono wa kulia kushoto."

"Ndivyo wanavyozaliwa kwao."

"Kwao wapi, Bukoba kwenu?"

Midomo ya Flaviana ilisogea kidogo. Revelian aliihesabu kuwa ni kicheko, akashinda na furaha siku nzima. Kama Flaviana alimpenda, mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba akiwa na brashi mkononi na Revelian pembeni, ule ukimya wa ndani haukumtisha.

Siku moja Revelian akamwachia kikosi chake kipenzi, wapanda farasi, awamalizie kabla ya pambano kubwa. Flaviana akataka wang'ae kama makabati ya Keko. Akachanganya vanishi na thina, maji makali ya kuyeyushia rangi, kama alivyofanya kila siku juu ya mbao, akawapaka. Mbao huipokea thina vizuri. Plastiki haikuipokea. Nyuso zilididimia mbele ya macho yake, miguu ya farasi ikapinda, kikosi kizima kikashikamana kuwa bonge moja. Alikaa chini akangoja machozi. Hayakuja. Akawafunga kwenye gazeti, akawaficha chini ya meza ya kazi.

Simu ikaita.

"Haloo, laazizi. Farasi wangu hawajambo?"

"Reve, mie nimechoka na rangi. Kutwa napaka, Jumamosi tena napaka. Kanunue wale walioshapakwa."

"Umechoka na rangi au umechoka na mie?"

"Kanunue tu."

Flaviana alitaka akataliwe, aambiwe hakuna wa kupaka ila yeye. Sasa mtu anayetaka kukataliwa si aseme? Revelian alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, akanunua. Gervas ndiye aliyeiona kwenye simu picha aliyoirusha Revelian, jeshi jipya linang'aa mezani, akamwonyesha Flaviana.

"Wazuri," alisema Flaviana, akarudi kwenye msasa wake. Aliumia, ila hata maumivu yenyewe aliyasikia kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Revelian alipopiga, hakupokea. Mwishowe simu zikakoma.

Zikapita wiki kadhaa. Mchana mmoja Revelian akasimama tena kwenye maranda yale, shati halina pasi, mkononi kopo la plastiki lenye mfuniko. Kabla hajafungua mdomo, harufu yake ilikuwa imeshafika. Brashi ikamponyoka Flaviana.

"Unanuka nini?"

"Dettol." Alifungua kopo. Askari walikuwa kijivu watupu, hawana rangi hata tone. "Nimewalowesha, nikawasugua na mswaki. Rangi yote ya kiwandani imetoka. Nilicheza nao mara moja tu, Fla, nikashindwa kuendelea. Macho yao yote yanafanana. Nimekuletea wewe. Kama umenichoka, niambie hapa hapa."

Flaviana aliinama, akatoa lile gazeti chini ya meza. "Sijakuchoka. Niliwaharibu farasi wako. Niliwatia thina, nikaogopa kukwambia."

Revelian akalitazama lile bonge. "Fla! Thina inakula plastiki."

"Sasa najua."

"Yaani umenikimbia kwa sababu ya thina?"

Harufu ile ilikuwa imeshamjaa Flaviana. Ilikuwa harufu ya wodini, ya beseni alilomwogeshea mama yake kila asubuhi, mpaka asubuhi ambayo hapakuwa na mtu wa kuogesha.

"Mama alinukia hivi," alisema, na kilio kikamtoka, kilio cha msibani kilichochelewa, cha sauti ya juu. Gervas akazima msumeno. Revelian akapiga magoti kwenye maranda na suruali yake ya ofisini, akamshika, akamwacha alie.

Alipotulia, Flaviana alijifuta kwa kilemba. "Hawa wote niwapake mie?"

"Wote. Na nataka nije kwenu kujitambulisha. Nimpigie nani?"

"Baba mkubwa, yupo Mbagala. Usiende kwake na askari mfukoni."

Alichukua mmoja wa kijivu, akachovya brashi. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, na jicho la kwanza likakaa upande. Akatafuta kitambaa alifute.

Revelian akamshika kiganja. "Huyo mwache hivyo hivyo."