Jina Moja katika Vijumba Viwili

Kila Ijumaa jioni Mama huacha cherehani mapema. Hufuta meza, hubandika sufuria, kisha hukaa karibu na mlango. Anamsubiri bintiye atoke kazini.

Binti anafanya kazi katika ofisi ya watu wanaotafutana. Anayetafuta ndugu huandika kwenye fomu jina la nyumbani la huyo ndugu. Anayetaka kupatikana huandika jina lake mwenyewe la nyumbani, lile walilomwita jamaa zake tu. Majina ya vitambulisho hubadilika. La nyumbani hubaki.

"Habari za kazi, mwanangu?"

"Nzuri, Mama."

"Kuna neno?"

"Bado."

Mama huinuka akapakua chakula.

Anamtafuta mdogo wake wa kike. Walipotezana siku ya mafuriko, miaka thelathini na moja iliyopita. Mama alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wake tisa. Nyumbani walimwita Chiriku wa Dirishani, kwa sababu alikuwa habanduki dirishani, akisemezana na kila apitaye. Mpaka leo, mtoto akicheka njiani, mguu wa Mama huacha kukanyaga cherehani hadi kicheko kipite.

Zamani makarani wa ofisi walilinganisha majina kwa macho, daftari kwa daftari. Binti akawahurumia. Akaandika programu, yaani maagizo ya kuiambia kompyuta la kufanya. Programu ichukue jina linalotafutwa, ililinganishe na majina ya wanaotaka kupatikana. Yakiwa sawa, kengele ilie. Makarani walimpigia makofi.

Wiki nane zikapita. Kengele haikulia hata mara moja.

Ijumaa moja Mama hakuuliza kama kuna neno. Alisema, "Nifutie fomu yangu."

"Mama!"

"Nimechoka, mwanangu. Kila ukisema bado, nampoteza upya. Ifute, nijue moja."

Binti hakubisha. Jumamosi asubuhi alifungua kompyuta mezani. Akaishuka polepole orodha ya fomu, zilizopangwa kwa majina, mpaka alipoiona fomu ya Mama. Chini yake kulikuwa na nyingine. Ilijazwa wiki tano nyuma, katika mji wa mbali, na mwanamke wa miaka arobaini. "Nyumbani waliniita Chiriku wa Dirishani. Namtafuta dada yangu."

Binti akahesabu herufi moja moja. Sawa. Akaiuliza programu. Programu ikajibu: tofauti.

Alimtazama Mama. Mama alikuwa ameinamia cherehani, hajui lolote. Wakati huohuo jirani yao, mwalimu wa kompyuta, akabisha hodi. Alikuja kuchukua suruali yake.

"Mwalimu, sogea hapa," Binti akasema kwa sauti ndogo. "Macho yangu yanasema sawa. Kompyuta inasema tofauti. Nani mwongo?"

Mwalimu akavaa miwani, akasoma. "Hakuna mwongo. Kitendawili!"

"Mwalimu, jamani, si sasa!"

"Tega!" Mama akaitika kutoka kwenye cherehani. Hana ubavu wa kuacha kitendawili kipite.

"Yuko nyumba mbili kwa wakati mmoja, wala hajawahi kuhama."

"Mume wa wake wawili."

"Ah, huyo anahama kila jioni!"

Mama akacheka. "Haya, tunakupa mji."

"Nimeupokea. Ni jina lililoandikwa mara mbili." Mwalimu akachota vifungo viwili vyeupe kwenye kopo la Mama. "Fundi, hivi vikoje?"

"Sawa. Vyote vina matundu manne."

"Ni kifungo kilekile?"

"Kilekile vipi, nawe umeshika viwili? Macho yamekwisha?"

"Umesikia?" Mwalimu akamgeukia Binti. "Kompyuta huweka maandishi kwenye vijumba. Wewe umetumia hii alama ya sawa iliyorudiwa mara mbili. Katika lugha hii ya programu, kwa maandishi, alama hiyo haiulizi kama herufi zinafanana. Inauliza kama ni kijumba kilekile. Huyu kaandika huku, yule kaandika kule. Ni vijumba viwili. Kompyuta imekujibu ulichouliza."

"Lakini niliijaribu, kengele ikalia!"

"Uliijaribu vipi?"

"Niliandika neno lilelile mara mbili, ndani ya programu."

"Ndipo ulipojikwaa. Kompyuta ilibana nafasi, ikaliweka neno mara moja tu. Pande zote mbili zilikuwa zinatazama kijumba kimoja. Ingekataaje?"

Binti akashika kichwa. "Nifanyeje?"

"Kuna amri ya kulinganisha maandishi yenyewe, herufi kwa herufi. Iite hiyo."

Binti akabadilisha mstari mmoja. Kengele ikalia.

Mguu wa Mama ukasimama. "Hiyo ni nini?"

Binti akamgeuzia kompyuta. Mama akasoma, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza, akarudia tangu mwanzo.

"Ni yeye?"

"Fundi, usikimbie," Mwalimu akasema taratibu. "Kompyuta imesema maneno ni sawa. Haijasema mtu ni yuleyule. Hilo hailiwezi. Utalijua wewe."

Binti akapiga namba iliyokuwa kwenye fomu, akampa Mama simu.

"Haloo?" ilisema sauti ya mwanamke.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Dada, samahani. Naomba nikuulize kitu kimoja. Siku ile ya maji, dada yako alikushika mkono gani?"

Mwalimu akavua miwani.

"Hakunishika mkono," sauti ikasema. "Alinishika nywele." Kisha ikaongeza: "Dada? Zinaniuma mpaka leo."

Mama akakaa chini, palepale sakafuni, simu sikioni.

Jumatatu Binti aliijaribu programu upya. Safari hii aliwaketisha makarani wawili kwenye meza mbili, kila mmoja aandike jina lilelile kwenye kompyuta yake. Kengele ikalia. Ndipo akaipitisha orodha yote. Majina kumi na moja yalipata wenzake. Hakuna aliyeambiwa "amepatikana" kabla ya kupigiwa simu na kuulizwa swali ambalo nduguye tu angelijua.

Alhamisi mama mdogo alikuwa njiani. Basi lake lilitazamiwa saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi Mama alikuwa amekwisha simama kituoni, amevaa gauni jipya, mkoba kifuani.

"Mama, bado saa sita nzima," Binti akamwambia. "Keti basi."

"Saa sita ni nini?" Mama akasema. "Hebu sogea, unanizibia barabara."