Barua ya Posa Iliyokwenda kwa Kamati

Jumatatu ya mwisho wa Juni, steshenari iliyo karibu na stendi ya Masasi ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni, na mashine ya kuchapa ilikuwa moja tu. Huyu ana cheti cha kutoa kopi, yule ana barua ya kata, mwingine fomu ya bima, na kila mmoja aliamini shida yake ndiyo ya haraka kuliko za wenzake. Sijaona Nampota alikuwa amesimama kwenye foleni dakika arobaini. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, na chini yake mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu wa Kitangari. Alikuwa bibi shamba, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na alikuwa hajazoea kusimama bila kufanya kitu.

Mbele yake mwanamume mmoja alichapisha karatasi zisizokwisha. Shati lake jeupe lilinyooshwa mikunjo ikakaa mahali pake, kalamu tatu zilipangwa mfukoni, viatu vimepigwa kiwi vikang'aa kama vya harusini.

"Kaka yangu," Sijaona alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hiyo ni Biblia nzima, au Agano la Kale umeliacha?"

Watu wakacheka. Mwanamume akageuka taratibu. "Biblia ningekuwa nimeshaimaliza, dada. Haya ni matangazo. Mia mbili."

"Mia mbili! Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Ni ya walioacha chuo njiani." Akampa moja, labda ili anyamaze.

Tangazo lilisema chuo kimefungua kituo Masasi kwa ajili ya watu wazima waliobakiza masomo. Madarasa ni Jumamosi. Mitihani haitafanyika msimu wa korosho. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Na mwenye kazi aliyoifanya kwa miaka mingi anaweza kutathminiwa kazini kwake, kazi hiyo ikahesabiwa kuwa masomo. Sijaona akalisoma. Akalisoma tena.

"Uliacha mwaka wa ngapi?" mwanamume akamuuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nani kakwambia niliacha?"

"Asiyeacha halisomi mara mbili."

Jina lake lilikuwa Cuthbert Nakoma, mwalimu wa kituo hicho, Mmakua wa Masasi, wa ukoo wa Waanglikana walioamshwa na kengele ya kanisa tangu enzi za mababu. Watu walimwita Baba Cecil, kwa mwanawe aliyekuwa askari Dodoma. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Sijaona akampa namba ya simu, akajiambia kuwa ni kwa ajili ya masomo tu. Mwongo huyo.

Ukweli ni kwamba aliacha mwaka wa tatu, miaka kumi na sita nyuma, amebakiza masomo sita. Alipata mimba ya Loveness, akaolewa haraka haraka, na mume akasema nyumba moja haiwezi kubeba mke na mwanafunzi. Mtoto alipotimiza miaka miwili, mume huyo akavuka kwenda Msumbiji, na mpaka leo hajatuma hata salamu. Sijaona akaajiriwa kwa stashahada yake ya zamani kwenye kitalu cha miche ya korosho. Usimamizi wa kitalu ulitaka digrii. Mara mbili cheo hicho walipewa vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kushika kisu cha kubebeshea miche, na mara mbili waliondoka wakaenda mjini. Julai ya mwaka uliofuata nafasi ingetangazwa tena, na Sijaona alijua kuwa kwa umri wake hiyo ndiyo ya mwisho. Akajiandikisha.

Chuo kilikuwa kimejifunza kuishi na watu wenye mashamba. Masomo yalitumwa kwa sauti kwenye simu, na Sijaona aliyasikiliza alfajiri kwenye foleni ya maji, simu ameikaza kwenye pindo la khanga. Sauti ilikuwa ya Cuthbert. Jioni mwenye sauti naye alipiga.

"Mama Loveness, umesikiliza takwimu?"

"Nimesikiliza. Wenzangu bombani wanauliza huyu mwanamume anayekusemesha kila asubuhi ni nani wako."

"Ukawajibuje?"

"Nikasema ni mganga wangu."

"Mganga wa nini tena?"

"Wa usingizi. Akianza kusema tu, napiga miayo."

Cuthbert alicheka mpaka akakohoa. Kufikia Agosti walikuwa hawasemi takwimu zaidi ya dakika tano. Waliulizana umekula nini, umelalaje, mbona sauti yako leo ina mafua. Siku moja akamwita Sija, akajirudi akaomba radhi. Sijaona akamwambia, "Umeshalisema, sasa liendelee."

Mwanzoni mwa Septemba Cuthbert alipanda basi mpaka Newala, akachukua bodaboda mpaka Kitangari, akafika na shati jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi. Sijaona alimvalia gauni la bluu lenye shingo ya duara, na siku hiyo mabuti hakuyavaa. Akampikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Akamwonyesha namna ya kukichonga kikonyo, kijiti cha mkorosho bora, na kukifunga kwenye mche ili viote pamoja, na mwalimu akakifunga ovyo hata kikadondoka.

"Baba mchungaji, wewe shika chaki tu," Sijaona akamtania kwa ukoo wake wa kanisani.

"Nifundishe, mpenzi. Mimi si mwepesi, lakini nikishika siachi."

Neno hilo la mpenzi lilimwingia Sijaona likakaa. Basi akamletea jalada lake la kazi, lenye picha na maelezo ya miaka kumi na mitatu, ambalo angelituma wiki ile. Cuthbert akalisoma lote kama anavyosoma karatasi ya mtihani.

"Picha nzuri," akasema. "Sehemu ya magonjwa ni dhaifu. Maelezo machache."

Ilimchoma kidogo, lakini akameza. Jioni akamsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Cuthbert akamshika mkono akasahau kuuachia, mpaka dereva akapiga honi. "Nitakupigia kesho," akasema.

Hakupiga kesho, wala keshokutwa. Wiki mbili zilizofuata Sijaona alipiga yeye, simu ikaita ikakata. Ukaja ujumbe mmoja: Samahani, kwa sasa siwezi kuongea. Halafu chuo kikamwandikia: Ndugu mtahiniwa, mtathmini uliyepangiwa, Mwl. C. Nakoma, amejiondoa katika jalada lako. Utapangiwa mwingine.

Alikuwa hajui hata kama Cuthbert ndiye aliyepangiwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya vitalu, akalia bila kujificha. Zabibu, aliyefanya naye kazi na asiyejua kunong'ona, akaja kumsimamia.

"Kafa nani?"

"Amelisoma jalada langu akaniona mimi ni nani. Mkulima mwenye mabuti aliyeshindwa chuo. Ameona aibu, amekimbia."

"Wamakua hao!" Zabibu akasema, maana yeye ni Mmakonde kamili na utani hauachi hata msibani. "Wanakula ugali wako, wakiondoka wanafuta na nyayo. Sasa utafanyaje?"

"Ninajitoa. Naandika leo."

"Andika. Halafu Julai waje wakuletee kijana mwingine, umfundishe kushika kisu." Zabibu akachukua ndoo nyingine akakaa. "Mwanamume wa kwanza alikutoa chuo akiwa nyumbani. Huyu akutoe kwa simu tu?"

Sijaona akainuka kwenye ndoo. Alikuwa na hasira na Zabibu kwa sababu alisema kweli. Ile barua ya kujitoa hakuiandika. Aliandika upya sehemu ya magonjwa kwa ajili ya mtathmini mpya, ikatoka kurasa tatu ikawa kumi na nane, na kila ukurasa aliuandika kwa kumchukia Cuthbert.

Mtathmini mpya alikuja mwisho wa Oktoba, mama wa makamo aitwaye Agnes, miwani imening'inia kwa kamba kifuani, uso hauna habari. Alisimama pembeni tangu asubuhi akimtazama Sijaona akiwafundisha wakulima ishirini kubebesha miche. Aliendelea kuandika hata mzee Alfredi, mmoja wa wakulima hao, alipojikata kidole, na Sijaona akamfunga kwa utepe uleule wa kufungia vikonyo huku akiendelea kufundisha.

"Ugonjwa wa ubwiri unga," Mama Agnes akasema mwishoni. "Jani likianza kujikunja unafanya nini?"

"Sisubiri lijikunje, mama. Natazama majani machanga na maua kabla, ndiko unakoanzia. Jani likishakomaa haliugui kirahisi."

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Nimeyaona. Halafu mwezi uliopita nikayasoma."

Mama Agnes akaandika, akafunga daftari, akaaga. Alfredi akampigia kelele kutoka chini ya mkorosho, "Mama, huyu mkimnyima, mje mtufundishe wenyewe!" Mama Agnes hakugeuka, ila Zabibu aliapa kwamba alimwona akitabasamu.

Majibu yalitoka Jumamosi moja ya Desemba. Sijaona alishuka Masasi amevaa sketi nyeusi na blauzi ya njano. Mratibu wa kituo, Bwana Lameck, akamkaribisha ofisini.

"Umepewa masomo matano kwa kazi yako. Takwimu haikupita, hiyo utaikalia darasani Newala, kwa mwalimu mwingine, umalize Mei. Hongera, mama."

Matano kati ya sita. Miaka kumi na sita alikuwa ameibeba kama deni la aibu, kumbe ilikuwa shule.

"Na hili ni jalada lako," Lameck akaendelea, huku akikwepa macho yake kwa namna ya ajabu. "Nakala ya kila kilichoandikwa juu yako. Ni haki yako kusoma."

Akasomea barazani, amesimama. Katikati ya fomu kulikuwa na barua yenye muhuri wa kupokelewa, mwandiko ulionyooka kama mistari ya daftari.

*Kwa Katibu wa Kamati ya Tathmini. Yah: Kujiondoa katika jalada la Bi. Sijaona Nampota. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Siwezi kumtathmini mtahiniwa huyu kwa haki, kwa sababu ninampenda na ninakusudia kumwoa. Nitakata mawasiliano naye kuanzia leo hadi kamati itakapotoa uamuzi, ili asije akasemwa kwamba alibebwa. Wako katika ujenzi wa taifa, C. Nakoma.*

Sijaona aliisoma, akavuka uwanja, akausukuma mlango wa darasa. Ndani kulikuwa na watu wazima thelathini, manesi, walimu, katekista mmoja, na nyuma mkeka wenye watoto wachanga wawili waliolala. Cuthbert alikuwa ubaoni.

"Mwalimu, nina swali."

Chaki ikamponyoka. Akamfuata nje.

"Barua hii wameisoma wangapi?"

"Wajumbe saba," Cuthbert akasema. "Na karani."

"Wanane wamejua unanioa, mimi wa tisa!"

"Kanuni ilitaka nitoe sababu. Nikaandika ile ya kweli."

"Na kanuni ilikukataza kunipigia dakika moja kabla, ukaniambia unanyamaza kwa sababu hii?"

Cuthbert akainamisha kichwa. Alikuwa amekonda, na kola ya shati haikunyooshwa. "Nilidhani ni wiki mbili. Halafu nikaona nikikupigia hata mara moja, siku yoyote mtu angesema masomo yale umepewa kwa ajili yangu. Umeyatolea jasho miaka yote hii, Sija. Nikasema bora unichukie mimi, masomo yabaki yako."

"Nilikuchukia."

"Najua."

"Hujui! Nililia kazini, mbele ya Zabibu. Unajua kulia mbele ya Zabibu kukoje?"

"Nisamehe. Nilikosea kunyamaza vile. Nakupenda, na hilo nilipaswa kukwambia wewe kabla sijaiambia kamati."

Machozi yalikuwa yanamtoka Sijaona na kicheko kinamtoka papo hapo, na hakuna alichoweza kukizuia. "Baba Cecil, kwetu barua ya posa haipelekwi kwa kamati ya mitihani. Inapelekwa kwa mjomba."

"Mjomba yuko wapi?"

Sijaona alikuwa ameshabonyeza simu, akaweka sauti ya juu. Kule kijijini Makote akaitika Mjomba Selestini, ambaye huongea na simu kana kwamba iko ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba! Umefaulu?"

"Matano kati ya sita. Na kuna mtu anataka kuleta barua."

Mzee akasema, taratibu, "Yule wa kwanza alikukuta darasani akakutoa. Huyu je?"

Cuthbert akainamia simu. "Mimi nitamsindikiza mpaka amalize, Mjomba."

"Nani huyo anajibu kabla hajasalimia?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ndoa akishamaliza hilo la sita, si kabla. Barua lete Jumapili."

"Mjomba," Sijaona akaingilia, "mimi mwenyewe sijakubali bado."

"Basi kubali au kataa, mwanangu. Korosho zangu ziko juani na mvua inakuja."

Sijaona alimtazama mwanamume yule, vumbi la chaki kwenye nyusi, kalamu tatu mfukoni, anangoja jibu kama mtahiniwa. Alikuwa amengoja vitu vingi maishani na hakutaka kungoja hiki.

"Nimekubali, Mjomba."

Ndani ya darasa, watu thelathini waliokuwa wakisikiliza muda wote huo wakapiga makofi na vigelegele, na watoto wawili mkekani wakaamka wakaanza kulia.